Wasomaji Wanauliza: Humphrey Bogart, Boti Chakavu na Tagi ya Ziwa Letu

Katika toleo lililopita tulichapisha aya chache kuhusu filamu ya zamani iitwayo The African Queen, ya mwaka 1951, tukasema kwa kifupi kwamba Humphrey Bogart na Katharine Hepburn waliigiza humo “kwenye maziwa yetu”. Aya hizo zimezaa barua nyingi kuliko tulivyotazamia, kutoka Mwanza mjini, visiwani na kutoka pwani zote za ziwa, na karibu zote zinamhusu Bogart. Kwa sababu hiyo safu yote ya toleo hili nimemwachia yeye.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa mwaloni Kirumba. Mliposema “kwenye maziwa yetu” mlikuwa na maana gani? Je, huyo Bogart alifika Mwanza? Na ile meli ya Kijerumani inayolipuliwa mwishoni, ilikuwa ya Ziwa Victoria au ni ile Liemba ya Kigoma?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Ndugu yangu fundi, kwanza napokea lawama, kwa maana maneno yale yalikuwa mapana mno. Hakuna sehemu ya filamu hiyo iliyopigwa Mwanza wala mahali pengine popote Tanganyika. Mwongozaji John Huston na kikosi chake walianzia Kongo, iliyokuwa bado chini ya Ubelgiji, wakapiga kambi Biondo kando ya Mto Ruiki, kisha wakahamia Uganda, kwenye bandari ndogo ya Butiaba katika Ziwa Albert na kwenye Maporomoko ya Murchison. Sehemu kubwa iliyobaki ilipigwa ndani ya studio nchini Uingereza.

Hata hivyo ziwa letu halikukosa fungu lake. Maji yanayotoka Ziwa Victoria pale Jinja hupita Ziwa Kyoga, yakafika Murchison na kubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa meta 7 hivi kabla ya kuanguka zaidi ya meta 40, kwa hiyo maji yale unayoyaona yakichemka kwenye filamu yalipita kwetu kwanza. Tena kuna jambo linalonifurahisha zaidi, nami nashangaa kwamba halisimuliwi sana huku kwetu. Meli ya kivita ya Kijerumani, ambayo katika filamu inaitwa Louisa, iliigizwa na tagi ya mvuke (boti ya kukokota vyombo vingine) iitwayo Buganda, mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na kazi yake ya kila siku ilikuwa humu humu Ziwa Victoria. Bogart hakuja kwetu, lakini chombo cha kwetu kilivikwa sura ya adui na kuingia katika historia ya sinema.

Kuhusu Liemba, umegusa penyewe. Louisa ni jina la kubuni, lakini meli iliyotoa mfano wake ni Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika masanduku, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wewe fundi utaelewa kuliko mimi maana ya injini kukaa chini ya maji miaka minane na kuwaka tena kwa sababu ya grisi.

Boti anayoiendesha Bogart katika filamu, African Queen yenyewe, nayo ilikuwa chombo halisi. Ilijengwa Uingereza mwaka 1912 kwa jina la Livingstone, ikafanya kazi Ziwa Albert kwa miaka mingi, na leo inatunzwa Key Largo, Florida, ambako hubeba watalii. Lakini usitafute njia ya boti hiyo kwenye ramani. Filamu ilitokana na riwaya ya C. S. Forester ya mwaka 1935, na mwandishi huyo aliuita mto wake Ulanga, akaufanya ubadilike jina njiani na kuitwa Bora, kisha akaumwaga ziwani. Ulanga tunaoujua sisi uko upande wa Rufiji, na maji yake huishia Bahari ya Hindi.

SWALI: Shikamoo Mzee wa safu. Nafundisha sekondari Nansio. Wanafunzi wangu wamenishinda kwa swali moja: mtu huyu alikuwa nani kabla ya filamu hiyo? Baadhi yao wamesoma kwamba alikuwa akiigiza ujambazi tu, wengine kwamba alikuwa mtoto wa tajiri.
Mwalimu, Ukerewe

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Wanafunzi wako wote wamesema kweli.

Humphrey DeForest Bogart alizaliwa New York siku ya Krismasi mwaka 1899. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji, mama yake Maud Humphrey alikuwa mchoraji mwenye jina katika magazeti ya wakati huo. Walimpeleka katika shule ya bweni ya Andover ili baadaye aingie chuo kikuu, lakini mwaka 1918 alifukuzwa, na muda mfupi baadaye akajiunga na Jeshi la Majini. Baada ya hapo alipata kazi nyuma ya pazia katika majumba ya maigizo, na katika miaka ya 1920 akaanza kupanda jukwaani mwenyewe, mara nyingi akiigiza vijana wa kitajiri wasio na kazi ya maana. Hollywood ilimjaribu mwanzoni mwa miaka ya 1930 na haikuona kitu.

Mlango wake ulifunguliwa mwaka 1935 kwa tamthilia ya The Petrified Forest, alipoigiza mhalifu mtoro Duke Mantee. Studio ya Warner Bros. ilipotaka kuifanya filamu, ilimfikiria mwigizaji mwenye jina kubwa zaidi, Edward G. Robinson. Nyota wa tamthilia hiyo, Mwingereza Leslie Howard, akawapelekea ujumbe kwamba pasipo Bogart na yeye hayumo. Filamu ikatoka mwaka 1936, Bogart akiwamo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1952, alipopata mtoto wa kike alimwita Leslie. Jambo hilo naliweka mbele ya mengine yote yanayosemwa kuhusu tabia yake, kwa sababu Howard alikuwa amekwisha kufa tangu 1943 na hapakuwa na mtu wa kumlipa Bogart kwa shukrani hiyo.

Ujambazi ulimganda. Kwa takriban miaka mitano studio ilimtia katika filamu moja baada ya nyingine akipigwa risasi na kufa, huku sifa zikiwaendea James Cagney na Robinson. Kilichomtoa huko ni kukataa kwa wenzake, maana George Raft alizikataa High Sierra na The Maltese Falcon, zote za mwaka 1941, na zote zikamwangukia Bogart. Hiyo ya pili ilikuwa filamu ya kwanza kabisa kuongozwa na John Huston, na urafiki wao ulianza kuzaa matunda hapo. Mwaka 1942 ikafuata Casablanca, pamoja na Ingrid Bergman, iliyopata Oscar ya filamu bora. Waambie wanafunzi wako wapige hesabu: alipofika hapo alikuwa na miaka 42, na alikuwa amekwisha kufanya kazi ya uigizaji kwa miaka 20.

Nyumbani hakukutulia mapema. Alioa mara mbili na mara mbili ndoa zikavunjika, na alikuwa bado katika ndoa ya tatu, ambayo nayo ilivunjika, alipokutana kazini mwaka 1944 na Lauren Bacall, binti wa miaka 19, naye akiwa na miaka 44. Walioana Mei 1945 katika shamba la rafiki yao huko Ohio. Wengi waliwatabiria mwaka mmoja tu, lakini walidumu hadi kifo chake, na Bacall ndiye aliyefuatana naye mpaka kambini Kongo, ingawa hakuwa na nafasi katika filamu.

SWALI: Marehemu babu yangu alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa kijana Wazungu wa sinema walipiga kambi Mto Kagera, na mkubwa wao alikuwa na masharubu membamba. Je, huyo ndiye Bogart?
Mjukuu, Bukoba

JIBU: Siye, lakini simulizi ya babu yako ina msingi, nawe uitunze. Filamu ya Mogambo, iliyotoka mwaka 1953 chini ya mwongozaji John Ford, ilipigwa kwa sehemu Mto Kagera. Nyota wake alikuwa Clark Gable, na masharubu hayo ni yake. Pamoja naye walikuwapo Ava Gardner na Grace Kelly. Kwa kuwa filamu hizo mbili zilifuatana kwa karibu, wazee wengi wamezichanganya.

SWALI: Mwangaluka! Mimi ni msichana wa kikundi cha maigizo hapa Magu. Mwalimu wetu anasema Bogart hakuwa mwigizaji hasa, bali alikuwa akijicheza mwenyewe katika kila filamu, uso ule ule na sauti ile ile. Kama ni hivyo, kwa nini walimpa Oscar wakamwacha Marlon Brando?
Mwigizaji, Magu

JIBU: Mwangaluka, mwanangu. Swali lako ndilo lililonifanya niitazame filamu hiyo tena, usiku, nikiwa na daftari mkononi, na namheshimu mwalimu wako lakini sikubaliani naye.

Ni kweli kwamba katika filamu za miaka ya 1940 Bogart alijijengea sura moja: koti la mvua, kofia, sigara, maneno machache yanayotoka upande mmoja wa mdomo. Hata hiyo ilikuwa ufundi. Mtazame katika Casablanca wakati wimbo anaouchukia unapoanza kupigwa katika baa yake mwenyewe. Anatoka kwa hasira aje kumkemea mpiga piano, anainua macho, anamwona mwanamke, na hapo hasemi kitu. Uso haukunjiki, mikono haipandi, ila macho yanazama kama taa iliyopunguzwa utambi. Mwigizaji asiyejua kazi angelia au angepiga meza.

Sasa mchukue mtu huyo, mwenye umri wa miaka 51, umvue koti na kofia, umwache na ndevu za siku tatu na fulana chafu, umweke mezani kwa wamisionari. Ndivyo filamu inavyoanza. Charlie Allnut, fundi na nahodha wa boti chakavu, amekaribishwa chai na Mchungaji Sayer na dada yake Rose. Tumbo lake linanguruma. Linanguruma tena, kwa nguvu zaidi. Wenyeji wanajifanya hawasikii, naye anatazama vikombe, anatabasamu nusu, kisha anajaribu kueleza kwamba hana uwezo wa kulizuia. Anasogea kwenye kiti kama mtoto aliyevunja chungu cha bibi yake. Bogart wa zamani asingekubali kuonekana hivyo, maana watu walimzoea akiwa hapungukiwi na neno.

Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa na mjomba wangu, aliyefanya kazi miaka mingi katika chumba cha mitambo cha meli za ziwani. Hadithi ya mapenzi haikumshughulisha. Alichokikodolea macho ni mikono ya Bogart. Boila ya boti ile ina pampu inayoziba mara kwa mara, nayo lazima ipigwe teke ili isilipuke. Rose anapouliza sababu, Allnut anasema kijana wake mmoja aliangusha bisibisi ndani ya vali ya usalama, naye kila siku anakusudia kuitoa, ila ameizoea kazi ya kuipiga teke. Mjomba alicheka mpaka akafuta machozi, akasema, “Huyu anatembea kama mtu wa injini. Angalia, hageuki kutazama pampu, anaisikia.” Ni kweli. Bogart anaongea na Rose, sikio liko kwenye mashine, mguu unanyanyuka wenyewe. Jambo dogo kama hilo halipatikani kwa mtu kujicheza mwenyewe, kwa sababu mtoto wa daktari wa New York hakulelewa katika chumba cha mitambo.

Kisha kuna sehemu ya viboko. Boti inapita karibu na viboko wakiwa wamezama nusu, Rose anacheka kwa mara ya kwanza, na Allnut, kwa furaha ya kumwona akicheka, anaanza kuwaigiza: anavimbisha mashavu, anatoa macho, anatikisa kichwa, kisha anageuka kuwa nyani na kujikuna. Nyota mkubwa wa Hollywood anajifanya kiboko mbele ya kamera, naye hajali aonekane mjinga. Huku kwetu tunakojua kiboko ni mnyama wa kuogopwa, hasa na mwenye mtumbwi mdogo alfajiri, sehemu hiyo ina ladha ya pekee, kwa sababu tunaona kwamba mwanamume huyo anamwondolea mwanamke hofu kwa kuigeuza kuwa mchezo.

Mwambie mwalimu wako jambo jingine. Katika riwaya Allnut ni Mwingereza wa mitaa ya London. Bogart hakuiweza lafudhi hiyo, kwa hiyo Huston akamfanya kuwa Mkanada. Wapo wanaoutumia ukweli huo kumshusha. Mimi nauona kinyume: alijua mpaka wake, akaacha lafudhi, akaweka nguvu zote katika mwili, macho na kimya. Naye hakuwa peke yake. Hepburn alisimama imara mbele yake, mgongo umenyooka, mwavuli mkononi, na bila yeye kusingekuwa na mtu wa kumwaibisha wala wa kumwinua Allnut. Sehemu anapomimina mtoni chupa za jini za mwenzake, moja baada ya nyingine, huku Allnut akiamka na kichwa kizito na kutazama bila nguvu ya kumzuia, ni kazi ya watu wawili sawasawa.

Ama Brando, katika A Streetcar Named Desire alifanya jambo jipya kabisa, na waliosema alistahili hawakukosea. Filamu hiyo ilichukua tuzo tatu kati ya nne za waigizaji mwaka huo, na ya nne, iliyobaki, ndiyo aliyopewa Bogart mwezi Machi 1952. Ilikuwa Oscar yake ya pekee. Alipopanda kuipokea alisema kwamba kutoka Kongo hadi kwenye jukwaa lile ni mbali sana, na kwamba anapendelea kuwa pale.

SWALI: Mimi nashika usukani wa boti ya abiria. Nataka kujua tu: alijua chombo, au alikuwa akiigiza?
Msomaji, Sengerema

JIBU: Alijua, nahodha. Katika Jeshi la Majini alitumikia katika Leviathan, meli kubwa ya kusafirishia askari, ambayo nayo ilikuwa ya Kijerumani, ikiitwa Vaterland, kabla ya Marekani kuitwaa mwaka 1917. Na tangu 1945 alikuwa na chombo chake cha tanga, Santana, ambacho alikwenda nacho baharini karibu kila mwisho wa juma alipokuwa hana kazi. Hata kampuni yake ya filamu aliipa jina hilo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi Musoma. Nimesikia kwamba kikosi chote cha filamu hiyo kiliugua tumbo isipokuwa Bogart na Huston, kwa sababu wao walikunywa wiski badala ya maji. Vijana wa mtaani kwetu wameigeuza kuwa hoja. Naomba uwajibu. Pia, wanaonekana humo wakiingia majini, hawakupata kichocho? Na alikufa kwa ugonjwa gani?
Muuguzi, Musoma

JIBU: Dada yangu, habari ya wiski ni ya kweli kama ilivyosimuliwa na wenyewe, lakini vijana wako wameshika upande usiofaa. Watu wa kikosi waliugua kuhara damu na malaria, na Hepburn aliugua vibaya zaidi, kwa kuwa alikuwa akinywa maji kwa wingi ili kuwapinga wale wanywaji wawili. Bogart na Huston walipona kwa sababu hawakuyagusa maji yale machafu, na Bogart alikula chakula cha makopo. Maji yaliyochemshwa yangewafaa wote. Kambini walikuwa na taabu nyingine pia, zikiwamo siafu walioingia vibandani usiku, nami sina haja ya kumweleza mtu wa Musoma jinsi siafu wanavyotandika kitandani.

Kuhusu kichocho, waongozaji waliliona hilo mapema. Sehemu zote ambazo Bogart na Hepburn wamo ndani ya maji zilipigwa katika matangi ya studio Uingereza, kwa sababu maji ya huku yalihesabiwa kuwa ya hatari. Ile sehemu ya matete, Bogart anapoivuta boti kwa kamba, kisha anapanda akiwa amejaa ruba mgongoni na kutetemeka kwa kinyaa, halafu lazima arudi tena majini, haikupigwa mtoni. Ruba walioko mwilini mwake walikuwa wa mpira, maana wa kweli aliwakataa. Kinyaa kile ni chake mwenyewe.

Alikufa kwa saratani ya umio tarehe 14 Januari 1957, akiwa na miaka 57. Alivuta sigara na kunywa pombe maisha yake yote ya utu uzima, na alipokubali kwenda kwa daktari, mapema mwaka 1956, ugonjwa ulikuwa umekwisha kusambaa. Walimfanyia upasuaji mkubwa, akapungua mpaka hakuweza kushuka ngazi za nyumba yake mwenyewe. Nyumba hiyo ilikuwa na lifti ndogo ya kupandishia vyakula kutoka jikoni. Kila jioni alinyolewa na kuvikwa, akaketishwa humo kwenye kigoda, akateremshwa hadi chini, akawekwa kwenye kiti na kupewa kinywaji, ili marafiki wakiingia wamkute ameketi sebuleni kama mwenyeji. Katharine Hepburn na Spencer Tracy walikuja siku zake za mwisho, wakamuaga.

Huston ndiye aliyesema maneno ya buriani kanisani. Jeneza halikuwapo, kwa kuwa mwili ulichomwa. Mahali pake, ndani ya kasha la kioo, waliweka mfano mdogo wa Santana.